Kocha wa Kikundi cha Mtaa: Anaandaliwaje, na Kazi Yake Huanza Lini

Kikundi cha wakazi kikishakwama ndipo watu hukumbuka kutafuta kocha. Mwenyekiti na mweka hazina hawasemezani, mkutano wa Jumapili unahudhuriwa na watu watatu, na barua iliyopelekwa makao makuu ya kaunti imelala huko tangu mwaka jana. Shirika linalofadhili, au kituo cha haki za kijamii, linamtuma mtu aliyehudhuria mafunzo ya siku mbili. Anafika kwa nia njema, anapatanisha waliokosana, anaandika barua mpya kwa mkono wake mwenyewe na kuwapigia simu maafisa anaowajua. Akiondoka baada ya miezi miwili, kikundi kinarudi palepale.

Hapo usimlaumu kocha haraka. Ameitwa akiwa amechelewa, na amefundishwa kazi isiyo yake. Kocha wa kampeni ya jamii, yaani juhudi za wakazi kudai huduma kutoka serikalini, hashiki hatamu za kikundi, hakisemei mbele ya maafisa na hakitafutii majibu. Kazi yake ni kuwasaidia wanakikundi waone wenyewe kinachowakwamisha, waamue, watende, kisha wajifunze kutokana na walichotenda. Ni rahisi kulisema hilo. Kumwandaa mtu alifanye kwa Dholuo au Kiswahili, mbele ya mama aliyemzidi umri kwa miaka thelathini, huku nauli ikiwa imekwisha na diwani anapiga simu, kunahitaji mafunzo ya aina nyingine kabisa.

Saa za thamani ni za mwanzo

J. Richard Hackman, profesa wa Harvard aliyechunguza timu za kila aina, kuanzia wafanyakazi wa ndege hadi wanamuziki wa okestra, aliacha makadirio ambayo kila mwandaaji wa makocha anapaswa kuyabandika ukutani. Alisema asilimia 60 ya mafanikio ya timu hutokana na jinsi ilivyoundwa kabla hata haijakutana, asilimia 30 hutokana na uzinduzi wake, na asilimia 10 tu ndiyo hutokana na ukocha unaokuja baadaye kazi ikiendelea. Si vipimo vya mizani, ni makadirio, lakini yanaonyesha tunakopoteza nguvu. Kocha anayeletwa kuzima moto anagombania ile kumi ya mwisho.

Kwa hiyo jambo la kwanza analofundishwa kocha ni kutazama muundo. Vikundi vingi vya Nyanza na Magharibi vimeundwa kwa kufuata fomu ya usajili: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na manaibu wao. Muundo huo unafaa kutunza pesa za chama na kugawana zamu. Hauendeshi kampeni. Uliza ni nani mwenye jukumu la kuleta watu wapya, nani anachunguza bajeti ya kaunti, nani anazungumza na wauguzi wa kituo cha afya, na utakuta kazi zote hizo hazina mwenyewe, au zote ni za mwenyekiti. Baraza la watu thelathini ni nguvu nzuri siku ya kuonekana, lakini haliwezi kupanga. Linahitaji kiini cha watu watano hadi saba, wanaojulikana kwa majina, kila mmoja na jukumu lake, na kila mmoja akijenga kikundi chake kidogo cha watu watano wengine.

Uzinduzi wa kiini hicho huchukua kama saa tatu, na kocha huwapo mwanzo hadi mwisho. Mambo matatu lazima yaandikwe kwenye karatasi kubwa kabla watu hawajatawanyika. Lengo, kwa sentensi moja inayotaja nani anataka nini, kutoka kwa nani, kufikia tarehe gani. Majukumu, jina kwa jina. Na kanuni. Kwenye kanuni ndipo makocha wachanga hupita haraka mno: kikundi kinaandika "tuheshimiane" na "tuweke wakati", kila mtu anapiga makofi, na mkutano wa pili unaanza kwa kuchelewa saa nzima. Kocha aliyeandaliwa vizuri hauachii mstari huo. Anauliza: mtu akichelewa, tutafanya nini? Wanakikundi waamue wenyewe, iwe ni kuosha vikombe au kuanzisha wimbo. Adhabu ni ndogo, lakini inawazoeza kukumbushana waziwazi badala ya kunung'unikia nje ya mlango.

Nakuru ina jambo lake la ziada. Mji ule uliumizwa vibaya na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na mitaa kama Kaptembwo na Rhonda ina watu wa jamii nyingi wanaoishi ukuta kwa ukuta. Kikundi ambacho majukumu yote yenye uzito yameshikwa na watu wa lugha moja kitaanza kutiliwa shaka mara tu siasa zitakapochacha. Kocha hawezi kulirekebisha hilo baadaye, siasa zikishachacha. Analiuliza siku ya uzinduzi: je, jirani yenu akiitazama orodha hii ya majina, atajiona ndani yake? Na anasikiliza lini watu wanahama kutoka Kiswahili kuingia lugha ya nyumbani, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo uamuzi wa kweli unapofanyika, na nusu ya kikundi inakuwa imeachwa nje.

Kuisoma kalenda

Chukua mfano wa wakazi wa Manyatta, Kisumu, ambao kituo chao cha afya hufungwa jioni. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku hupakiwa kwenye bodaboda. Wanataka wauguzi wawili wa zamu ya usiku. Afya ni jukumu la kaunti, kwa hiyo mlango wa kubisha unajulikana, na Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Lakini haki isiyo na tarehe haiingii kwenye bajeti.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe hizo. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, ambao huweka kiwango cha juu cha pesa kwa kila idara, hufika kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia Aprili 30, na bajeti inapaswa kupitishwa kabla ya Juni 30, kwa kuwa mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kikundi kinachoamka mwezi wa Mei na mabango kinaikuta keki imeshakatwa. Kinachobaki ni kugombania makombo ya idara moja. Kikundi kinachofika Januari bado kinaweza kugusa ukubwa wa kipande.

Tuseme kikundi hicho kinazinduliwa mwanzoni mwa Oktoba na lengo lake ni bajeti ya Juni 30. Nusu ya muda wake inaangukia katikati ya Februari. Mwaka 1988 mtafiti Connie Gersick alichapisha uchunguzi wa timu kadhaa, nyingine zikiwa na siku chache tu za kazi na nyingine miezi, na akagundua kwamba zilielekea kubadili mwendo wake karibu na nusu ya muda, hata kama muda wenyewe ulitofautiana sana. Kabla ya hapo hung'ang'ania njia waliyoanza nayo. Hapo nusu ndipo huinua macho na kuuliza kama inawafikisha. Hackman na mwenzake Ruth Wageman wakajenga juu ya hilo: mwanzoni timu inahitaji kutiwa ari na kuelewa lengo, katikati inahitaji msaada wa kupima mkakati, na mwishoni inahitaji kusaidiwa kujifunza kutokana na ilichofanya.

Kwa kikundi chetu cha Manyatta, nusu hiyo inakutana na wiki ambazo waraka wa mkakati wa fedha unajadiliwa. Kocha anayejua hivyo huitisha kikao cha mapitio mwishoni mwa Januari, kabla kengele haijalia, na kuuliza maswali matatu tu: nani hasa anaamua kuhusu wauguzi hawa, anahitaji nini kutoka kwetu au anaogopa nini, na je, tulichofanya tangu Oktoba kimemgusa? Mara nyingi jibu la tatu ni hapana. Kikundi kimekuwa kikimwandama msimamizi wa kituo, ambaye hana mamlaka ya kuajiri mtu yeyote. Uchungu wa kuligundua hilo ni wa manufaa, ukija Januari.

Kalenda hiyo ina vipande vingine ambavyo kocha lazima avijue kwa kichwa ili asikubali visingizio. Ombi la taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 hujibiwa ndani ya siku 21, kwa hiyo kikundi kinachotaka idadi ya wauguzi waliopo kabla ya kikao cha Januari kipeleke ombi lake kufikia mapema Desemba. Kama watapanga maandamano, ambayo ni haki chini ya Ibara ya 37, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa ipelekwe kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, na maandamano yenyewe yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni taarifa, si ombi la ruhusa, na kikundi kibaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kocha hawaandikii. Anauliza nakala iko wapi.

Moyo, kichwa, mikono

Marshall Ganz alifanya kazi miaka mingi na wafanyakazi wa mashamba wa California kabla ya kufundisha Harvard, na njia yake ya kuwaandaa waratibu wa jamii imesambaa nchi nyingi. Kwake, kocha anapomkuta mtu amekwama, hujiuliza kizuizi kiko wapi kati ya pahali patatu: moyoni, yaani ari imeshuka, kuna hofu au kuvunjika moyo, kichwani, yaani mpango wenyewe si sahihi, au mikononi, yaani ujuzi haupo. Dawa ya kimoja haiponyi kingine. Mtu asiyejua kuendesha mazungumzo ukimpa hotuba ya kumtia moyo, ataondoka akiwa na ari na bado hajui. Aliyeogopa ukimpa mafunzo zaidi, ataona unamwona mjinga.

Tazama mazungumzo mafupi kati ya kocha kijana na mama anayesimamia uhamasishaji. Yametungwa kwa mafunzo, na yanaanza kwa salamu ya Dholuo, lakini hali yake ni ya kila wiki.

— Oimore, mama. Jumapili tulisema watu kumi na wawili. Ilikuwaje?

— Walikuja wanne. Watu wa hapa ni wagumu, mwanangu. Wanataka pesa.

— Pole, mama. Hao kumi na wawili, uliwaalika vipi?

— Niliweka kwa kundi la WhatsApp. Wote waliona, alama ya bluu iko.

— Na hawa wanne waliokuja?

— Hao... wawili ni majirani, nilipita kwao. Mwingine tunauza naye sokoni Kibuye. Wa nne aliletwa na jirani.

— Hapo unaona nini?

— Niliowafuata ndio walikuja.

— Sasa wiki hii?

— Nitawafuata watano. Wawili sokoni Jumatano, watatu kanisani.

— Utawaambia nini?

Mama alianza kwa malalamiko, na kocha asiye na mazoezi angeyachukua kama moyo uliovunjika, akampa maneno ya faraja. Swali la "uliwaalika vipi" limeonyesha kwamba tatizo lilikuwa kichwani: njia ya kualika. Na swali la mwisho linaanza kuipima mikono. Kama jibu lake ni "nitawaambia waje mkutano", kocha anajua cha kufanya mazoezi naye palepale: kuanza kwa kumsikiliza mtu, kujua kinachomuuma kuhusu kituo kile cha afya, kisha kumwomba jambo moja dogo lenye siku na saa.

Angalia pia kilichokosekana. Kocha hakusema "mimi nitakusaidia kupiga simu". Hakusema "si ungewafuata nyumbani?" Hili la pili ndilo gumu zaidi kuliacha, kwa sababu lina sura ya swali na ni ushauri uliovikwa kanzu. Mama angelikubali kwa heshima, asingelitenda, na wiki ijayo kungekuwa na sababu nyingine. Alichokigundua mwenyewe amekiri kwa mdomo wake, na siku ameitaja yeye.

Umri nao una adabu yake. Kijana hamhoji mama mbele ya kikundi kwa nini watu hawakuja. Mazungumzo kama haya hufanyika pembeni, kwa lugha anayoiwaza mama, na huanza kwa salamu kamili. Kinachoruhusiwa mbele ya wote ni kuuliza kazi zilizoahidiwa zimefikia wapi, na kila mtu aulizwe, mwenyekiti akiwa wa kwanza.

Mafunzo yenyewe

Kocha haandaliwi kwa kusikiliza. Darasa linalofaa lina watu 12 hadi 15, wakigawanywa katika meza za watano, kila meza na mwezeshaji wake. Siku mbili zinatosha kuanza, na robo tatu ya muda huo iwe mazoezi. Zoezi kuu ni la watatu: mmoja kocha, mmoja anayesaidiwa, mmoja mtazamaji asiyesema neno. Dakika kumi za mazungumzo, dakika tano za maoni, kisha wanabadilishana. Saa moja inatosha mizunguko mitatu na pumzi. Sharti ambalo halivunjwi ni kwamba tatizo linaloletwa liwe la kweli, la wiki hii, la kikundi anachotoka mtu huyo. Igizo la tatizo la kubuni huwafundisha watu kuigiza.

Mtazamaji hapewi kazi ya kusema "umefanya vizuri". Anaandika kila swali la kocha neno kwa neno, na baadaye wanayasoma wote watatu na kuweka alama: lipi lilikuwa swali, lipi lilikuwa ushauri, lipi lilikuwa hukumu. Mzunguko wa kwanza karatasi hujaa ushauri. Kimya nacho hupimwa. Makocha wengi hujaza pengo kabla aliyeulizwa hajafikiri. Waambie wahesabu hadi nane kimoyomoyo.

Kuchagua wa kufundishwa ni nusu ya kazi, na ndipo mambo huharibikia. Viti hugawiwa waliosoma, waliopendekezwa na ofisi, au wanaojua kuongea. Mtu anayefaa ni yule ambaye amewahi kubeba jukumu katika kampeni hadi mwisho, hata iliyoshindwa, na ambaye watu humwendea wakiwa na shida. Pima kabla: mwombe kila anayependekezwa afanye mazungumzo ya nusu saa na jirani asiye mwanakikundi, kisha aje aeleze jirani huyo anajali nini. Anayerudi na maelezo ya aliyoyasema yeye mwenyewe bado hajaiva.

Baada ya siku mbili, kocha anapewa vikundi viwili, vitatu kama ana muda, na yeye mwenyewe anapata kocha wake. Wanakutana kila baada ya wiki mbili kwa miezi mitatu. Bila hilo, mengi ya siku mbili yatayeyuka, na pesa za ukumbi na chakula zitakuwa zimeliwa bure. Afadhali kufundisha makocha sita na kuwafuatilia kuliko thelathini na kuwapiga picha.

Mipaka iandikwe

Kocha na kikundi hukubaliana kwa maandishi, ukurasa mmoja. Kocha hashiki pesa ya kikundi, hata ya kupokea kwa M-Pesa na kutuma mbele. Hazungumzi na vyombo vya habari. Haendi kwa diwani peke yake. Anayosikia pembeni kutoka kwa mmoja hayapeleki kwa mwingine. Akigombea kiti chochote, anaacha ukocha siku hiyohiyo.

Kila sharti hapo lina sababu. Nauli ikitoka mfukoni mwa kocha, kikundi huanza kuripoti kwake, na ajenda yake huhamia kwa mfadhili wake. Hili la kiti ni zito zaidi tunapoelekea uchaguzi wa Agosti 2027: orodha ya watu mia mbili waliotembelewa nyumbani ni mali ambayo mgombea yeyote wa wadi angeitamani. Kikundi kiamue mapema orodha inakaa kwa nani, na kocha asiwe na nakala. Wakazi wengi wakisikia kampeni hutarajia fulana na sukari, kwa hiyo kila mjumbe awe na jibu la haraka kuhusu nani anafaidika, na kwamba hakuna anayeombewa kura.

Vijana waliojaa barabarani Nakuru na Kisumu mnamo Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha walikuwa na ari tele, na mswada ule haukutiwa saini. Wanaporudi mtaani kudai kituo cha afya au mtaro, ari hiyo hukutana na miezi tisa ya barua na vikao. Kocha anayewafaa hawezi kuja kuwatuliza. Anawauliza ni nani kati yao atakuwapo kwenye kikao cha bajeti mwezi wa Mei, na amejiandaa kwa takwimu gani.

Bajeti ikishapitishwa, wauguzi wawe wamepatikana au la, kikao cha mwisho kifanyike ndani ya wiki moja, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Kila mtu aseme aliahidi nini na alitimiza nini, kisha kikundi kitaje nani alikua. Hapo kocha anafungua daftari lake, ambalo tangu Oktoba amekuwa akiandika mambo matatu kila mkutano: nani aliongoza, nani alichukua jukumu jipya, na yeye mwenyewe aliongea dakika ngapi. Kama dakika zake hazikupungua, kocha wake ana jambo la kujadili naye. Na kama kuna wawili walioongoza mikutano bila yeye kuwapo, hao wapelekwe mafunzoni Julai, kwa sababu mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unafungwa Septemba 1 na mitaa ya jirani haina kocha.